Soketi ‘iliyokufa’ bado inaweza kumpiga mtoto shoti

CHUKULIA nyumba ya kupanga Sinza, familia nne, ua mmoja na mita moja ya LUKU ambayo wapangaji huichangia. Katika chumba cha mbele, soketi iliyo nyuma ya kochi imeacha kufanya kazi. Chaja ikichomekwa simu haichaji, pasi haipati moto. Baada ya siku mbili kila mtu ameshazoea: soketi ile imekufa.

Mwenye nyumba amepigiwa simu, amesema atamtuma fundi. Wiki ya tatu inaingia na fundi hajafika, wala hakuna anayemkumbusha tena, kwa sababu ipo soketi nyingine karibu na mlango na ekstensheni imeshavutwa kutoka huko.

Anayeikumbuka soketi ya nyuma ya kochi ni mtoto wa miaka mitatu peke yake. Amemwona baba yake mara nyingi akichukua kalamu na kuikandamiza kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili iingie. Siku moja bibi yake anamkuta amechuchumaa pale, kalamu mkononi.

“Mama nanihii, njoo umwone mwanao!” bibi anaita.

“Muache tu, mama. Hiyo haina umeme,” mama anajibu kutoka jikoni.

Bibi hamwachi. Anamnyanyua mjukuu, anaisogeza kochi hadi inagusa ukuta na kuketi hapo mpaka baba mtu anarudi. Jumamosi fundi anafika, anaamkia, anachomeka kifaa chake cha kupimia na kumgeukia mama wa mtoto.

“Dada, nani kakwambia hii imekufa? Hii ina moto.”

Kisa hiki ni cha mfano, lakini wazazi wengi wataitambua sebule hiyo. Swali analoliacha fundi yule linahusu kila nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea: mzazi anajuaje kwamba soketi ina umeme au haina?

Kwa nini ina moto na haifanyi kazi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Nyuma ya soketi ya matundu matatu kuna nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, unaoleta umeme. Wa pili ni nyutro, unaourudisha. Wa tatu ni wa ethi, unaoshuka ardhini kwa ajili ya usalama.

Ili taa iwake, umeme lazima uje kwa waya mmoja na urudi kwa mwingine. Waya wa nyutro ukilegea au ukikatika, safari ya kurudi haipo, hivyo taa haiwaki na simu haichaji. Lakini waya wa moto bado umejaa umeme, unasubiri njia nyingine ya kupita. Mtoto akiingiza kitu cha chuma kwenye tundu hilo huku amekaa kwenye sakafu ya saruji, mwili wake ndio unakuwa njia.

Sababu ya pili ni swichi ya soketi. Kwa kawaida, swichi hizi hukata waya mmoja tu, na unaotakiwa kukatwa ni wa moto. Aliyefunga soketi akichanganya nyaya, swichi itakata nyutro na kuuacha moto ndani. Mzazi anaizima, kifaa kinazimika, anaamini amemaliza kazi. Tundu bado lina volti 230.

Sababu ya tatu wanaijua wote wanaochangia mita. Uniti za LUKU zikiisha au umeme ukikatika mtaani, nyumba nzima inakuwa giza na watu huona huo ndio wakati mzuri wa kufungua soketi na kuitengeneza. Jirani wa chumba cha pili akiingiza tokeni, umeme unarudi bila kubisha hodi. Ni hivyo hivyo kwa breka iliyoanguka: mpangaji mwingine anaweza kuinyanyua bila kujua kwamba kuna mtu ameshika waya.

Kwa hiyo kifaa kisipowaka, mzazi amejua jambo moja tu, kwamba soketi haitumiki. Hajajua kama ni salama.

Kalamu na tundu la juu

Soketi za matundu matatu ya mraba zinazotumika Tanzania zilitokana na kiwango cha Uingereza. Ndani ya matundu mawili ya chini kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Mguu mrefu wa juu wa plagi, ambao ni wa ethi, ndio unaovisukuma vifuniko hivyo vifunguke. Hiyo ni kinga ya mtoto iliyokuja na soketi yenyewe.

Kalamu, kijiti cha kiberiti au ufunguo ukiingizwa juu ili chaja ya miguu miwili ipite, kinga hiyo inaondolewa. Hasara ni mbili. Vifuniko huvunjika taratibu na kubaki wazi, na mtoto hupata somo la bure la namna ya kufungua soketi. Adapta nzuri au chaja yenye plagi ya miguu mitatu inamaliza tatizo hili.

Wazazi wengine hununua vile vizibo vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi. Nia ni njema, ila kwa soketi za aina hii vizibo vina utata. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa tahadhari kwa hospitali na vituo vya huduma nchini humo kwamba vizibo hivyo visitumike, kwa kuwa vinaweza kufungua kinga iliyomo ndani ya soketi au kuiharibu. Kizibo kisicholingana vizuri, kikichomolewa na mtoto na kugeuzwa juu chini, kinaweza kufungua vile vifuniko vidogo. Soketi nzima yenye vifuniko vyake ni salama kuliko kizibo cha kubahatisha.

Kupima bila kufungua kitu

Mzazi asiye fundi anaweza kufanya uchunguzi wa kwanza bila bisibisi wala kugusa waya. Watoto wawe mbali, mikono iwe mikavu na miguu iwe na viatu.

Kwanza, macho, pua na kiganja. Soketi iliyopasuka, yenye weusi wa kuungua, inayocheza ukutani, inayonuka plastiki iliyoungua au inayotoa mlio, isichomekwe kitu chochote. Plagi ikitoka ya moto sana baada ya kupiga pasi, hiyo nayo ni dalili. Breka ya soketi hizo izimwe na fundi aitwe.

Pili, chanzo. Taa za ndani zinawaka? LUKU ina uniti? Majirani wana umeme? Kwenye boksi la breka, kuna iliyoanguka? Wakati mwingine soketi haina tatizo lolote.

Tatu, taa ya mezani. Taa ni bora kuliko chaja ya simu kwa sababu inajibu papo hapo. Ichomekwe kwanza kwenye soketi inayofanya kazi, iwake. Ipelekwe kwenye soketi inayotiliwa shaka. Kisha irudishwe kwenye ile ya kwanza, iwake tena. Hatua hiyo ya kurudi wengi huiruka, kumbe ndiyo inayothibitisha kwamba taa haikuungua njiani na kumdanganya mpimaji.

Ikiwaka, soketi ina umeme unaokuja na kurudi. Isipowaka, soketi ichukuliwe kuwa ina moto mpaka fundi aseme vinginevyo. Breka yake izimwe, na kwenye nyumba ya kushirikiana kipande cha karatasi kibandikwe hapo: “Usiwashe, soketi mbovu.” Wapangaji wote waambiwe kwa mdomo pia.

Kuna pia kipimo cha kuchomeka chenye umbo la plagi na taa ndogo tatu. Kinachomekwa kama plagi ya kawaida na taa zake huonyesha kama nyaya zimekaa sawa, kama nyutro haipo au kama ethi haipo. Hakimalizi kila kitu. Hakiwezi kugundua nyutro na ethi zilizobadilishana, wala hakisemi kama chuma cha ethi kilichofukiwa nje kinafanya kazi ipasavyo. Lakini kwa mzazi kina faida kubwa: hakuna haja ya kuingiza chuma kwenye tundu.

Testa ya bisibisi na udhaifu wake

Testa inayopatikana katika nyumba nyingi ni ile ya bisibisi yenye kataa kadogo ndani. Ncha inagusa waya, kidole kinagusa kichwa cha testa, na kataa kanawaka kwa sababu kiasi kidogo sana cha umeme kinapita mwilini mwa mpimaji kwenda ardhini.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mpimaji akisimama juu ya stuli ya mbao kavu au akivaa viatu vya mpira mzito, kataa kanaweza kufifia au kutowaka kabisa huku moto upo. Mwanga mkali wa mchana huficha mwako wake. Wakati mwingine kanawaka kidogo kwenye waya uliokatika kwa sababu tu umepita karibu na waya wenye moto. Na hata ikifanya kazi vizuri, testa hii haisemi chochote kuhusu nyutro wala ethi.

Juu ya hayo, kuitumia kwenye soketi yenye vifuniko kunahitaji tundu la juu lifunguliwe kwa kitu kingine, mchezo ule ule wa kalamu, tena mbele ya mtoto. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye mita ya kupimia volti.

Fundi makini naye hufuata mwendo wa hatua tatu. Anapima kifaa chake mahali anapojua pana umeme, anapima soketi baada ya kuzima meni swichi, kisha anarudi kupima pale pa kwanza. Kwenye nyumba ya kushirikiana anarudi kwa kuwasha tena, au anatumia chanzo kingine cha uhakika. Mzazi hakosi adabu akiuliza: “Fundi, hicho kipimo chenyewe umekipima?” Ni haki yake pia kuuliza kama fundi ana leseni. Leseni za kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA. TANESCO huhudumia umeme hadi kwenye mita. Nyaya za ndani ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba.

Kitufe chenye herufi T

Wazazi wengi huamini breka zilizo kwenye boksi zitamwokoa mtoto. Breka ya kawaida haikuwekwa kwa kazi hiyo. Inalinda nyaya zisiungue. Breka ya soketi ya ampea 32 huruhusu umeme wa miliampea 32,000 kupita bila kuanguka.

Mwili wa binadamu hauhitaji hata sehemu ndogo ya hapo. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima kwa watu waliojitolea kiwango cha umeme ambacho kikizidi, mtu hawezi tena kuachia alichoshika. Wastani ulikuwa kama miliampea 16 kwa wanaume na zaidi kidogo ya 10 kwa wanawake. Mtoto huzidiwa mapema zaidi. Kwa kulinganisha, taa moja ya LED ya wati 9 hutumia takriban miliampea 40.

Kifaa kinachomlinda mtu huitwa RCD. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopita pasipostahili, pengine kwenye mwili wa mtu, na kifaa hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Wazo hili lina historia hapa hapa Afrika: mwaka 1955 Henri Rubin alibuni kifaa cha namna hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Dalziel alitengeneza chake Marekani mwaka 1961, na ndicho kilichozaa soketi za Kimarekani zenye vitufe viwili, TEST na RESET.

Katika nyumba za hapa RCD hukaa kwenye boksi la breka. Ni pana kuliko breka nyingine na ina kitufe kidogo chenye herufi T. Mzazi asome namba iliyoandikwa juu yake. Ya kumlinda mtu ni 30mA au 0.03A. Ikiandikwa 100mA au 300mA, hiyo imewekwa zaidi kwa ajili ya kuzuia moto, na haitoshi kumlinda mtoto.

Kuipima ni kazi ya dakika moja. Waliomo ndani waambiwe, kompyuta izimwe, taa ya mezani iachwe inawaka kwenye soketi. Kitufe cha T kibonyezwe mara moja. Mkono wa RCD unapaswa kuanguka papo hapo na taa kuzimika. Kisha mkono unyanyuliwe, taa iwake tena. Taa isipozimika ingawa mkono umeanguka, soketi ile haiko chini ya ulinzi wa RCD. Mkono usipoanguka kabisa huku umeme upo, kifaa hakifai na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Kipimo hiki hakifanyi kazi umeme ukiwa umekatika, kwa hiyo kisifanyike gizani na kuleta hofu ya bure.

Soketi yenye vitufe vyake yenyewe hupimwa vivyo hivyo: TEST izime taa, RESET iirudishe. Kitufe kikibonyea na taa ikaendelea kuwaka, soketi imeungwa vibaya au imekufa kweli, yaani ule ulinzi wake ndio uliokufa huku moto ukiendelea kupita.

Kipimo hiki kifanyike angalau kila baada ya miezi 6, au mapema zaidi kama maandishi ya mtengenezaji yanavyoelekeza. RCD ikianguka mara kwa mara, isiunganishwe moja kwa moja ili “isisumbue”. Vifaa vyote vichomolewe, mkono unyanyuliwe, kisha virudishwe kimoja kimoja. Kitakachoiangusha, pengine hita ya maji au pasi ya zamani, ndicho kibovu. Ikiendelea kuanguka vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, tatizo liko kwenye nyaya.

Hata RCD nzima ina mpaka wake. Mtoto akishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umeme unatoka na kurudi sawasawa, na kifaa hakioni tofauti. Ndiyo maana vile vifuniko vidogo vya plastiki bado vina kazi.

Mtoto akipigwa shoti

Kosa la kwanza la mzazi ni kumkimbilia na kumshika. Umeme utapita kwake pia. Meni swichi izimwe kwanza. Ikishindikana kufikiwa haraka, mtoto asukumwe mbali na umeme kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mpini wa ufagio wa mbao au kiti cha plastiki, aliyekishika akisimama mahali pakavu.

Umeme ukishazimwa, mtoto aangaliwe kama ana fahamu na anapumua. Asipopumua, mtu mmoja atafute usafiri na msaada huku mwingine akianza kumkandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka kama theluthi moja ya unene wake. Anayejua kumpulizia pumzi ampe 2 baada ya kila makandamizo 30. Wasisimame mpaka apumue au mhudumu wa afya apokee kazi.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, unga au yai havisaidii na humpa daktari kazi ya kuvisafisha.

Mtoto apelekwe kituo cha afya hata kama amenyamaza na anacheza. Alama ndogo kwenye kidole inaweza kuficha jeraha la ndani, na mapigo ya moyo yanahitaji kuangaliwa. Mtoto aliyetafuna waya na kuungua pembeni mwa mdomo anahitaji uangalizi wa zaidi: kigaga kikibanduka, damu inaweza kutoka kwa wingi siku 5 hadi 14 baadaye. Mzazi akiambiwa mapema, atajua kubana mdomo hapo kwa kitambaa safi na kurudi hospitali haraka.

Kwenye ile sebule ya Sinza, fundi alizima meni swichi, akapima, akafungua. Waya wa nyutro ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake. Ilikuwa kazi ya nusu saa na soketi mpya moja.

Kabla hajaondoka alimwita baba wa mtoto kwenye boksi la breka, akamwonyesha kitufe cha T na kumwacha akibonyeze mwenyewe. Nyumba nzima ikazima, majirani wakapiga kelele, mkono ukanyanyuliwa, taa zikarudi.

Jioni baba alipotaka kuchaji simu, alikuta kalamu haipo juu ya meza ya televisheni ilikozoea kukaa. Mama alikuwa ameihamishia kabatini, na mahali pake ameweka adapta mpya. Bibi alikuwa bado amekaa kwenye kochi lile lile.